Waranti ya Miaka Mitano

Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
4 Machi, 2024

Meneja,
Majilisi Electronics,
Mtaa wa Livingstone, Kariakoo.

YAH: FRIZA LILILOHARIBIKA NDANI YA MUDA WA WARANTI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wako. Tarehe 20 Novemba 2021 nilinunua dukani kwako friza jeupe la mlango wa juu. Pamoja na bei yake nililipa shilingi laki moja na themanini za ziada kwa ajili ya waranti ya miaka mitano. Waranti hiyo sikuiomba. Binti aliyenihudumia, kwa jina Violeth, ndiye aliyenishawishi, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyotoka: "Mama, ndani ya miaka mitano kikiharibika chochote, hata taa, unaleta, unapewa jipya siku hiyohiyo." Nikapewa kadi ya kijani yenye muhuri.

Friza limekufa tarehe 12 Februari, likiwa na miaka miwili na miezi mitatu. Tushar, fundi wa mafriji pale Kisutu, amelifungua na kuandika kwamba kompresa imeungua. Naambatanisha nakala ya maandishi yake, ya risiti na ya kadi.

Nauza samaki. Asubuhi naamkia Feri, nanunua, nasafisha, nagandisha, na watu wa mtaani wananunua kwangu siku yoyote wanapopata. Bila friza sina kazi. Nimekuja dukani kwako mara tatu. Mara ya kwanza nikaambiwa nirudi Jumatatu. Jumatatu nikaambiwa meneja yuko bandarini. Mara ya tatu muuzaji mmoja akaniuliza, mbele ya watu, "Mama, hayo maneno yameandikwa wapi?"

Swali lake zuri. Nilikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi moja ya Posta kwa miaka thelathini na moja, na swali hilo nilipaswa kuliuliza mimi siku ya kununua. Kwa hiyo kuanzia leo mimi na wewe tutaandikiana. Sitapiga simu wala sitapokea. Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne.

Barua hii naileta mwenyewe, pamoja na daftari la mapokezi. Naomba lisainiwe.

Wako,
Evarista Mchopa (Mama Leticia)


Majilisi Electronics,
Kariakoo.
15 Machi, 2024

Mpendwa Mama Leticia,

Nakusalimu katika mwezi huu mtukufu. Mimi ndiye Ridhiwani, mwenye duka. Barua yako nimeisoma mara mbili. Wateja wengi wakikasirika wanakuja kupiga kelele mlangoni. Wewe umeandika, na mimi nakuheshimu kwa hilo.

Pole sana kwa hasara. Ila naomba unielewe. Waranti ile ya ziada haikuwa ya duka. Ilikuwa ya kampuni ya bima ya vifaa, sisi tulikuwa mawakala tu, na kampuni hiyo ilifunga ofisi zake Dar mwaka jana. Tena ukigeuza kadi yako utaona nyuma pameandikwa kuwa kompresa, gesi na hitilafu za umeme havihusiki.

Kuhusu maneno ya Violeth, binti huyo nilimfukuza kazi mwaka jana kwa sababu hizohizo za kuwaambia wateja mambo ya kujitungia. Hakutumwa na mtu. Kama alikudanganya, alikudanganya yeye.

Kwa kuwa wewe ni mama yetu, ukinunua friza jipya nitakupunguzia asilimia kumi, na utapewa kadi mpya ya waranti.

Wako katika biashara,
Ridhiwani


Magomeni Mapipa
19 Machi, 2024

Violeth,

Naitwa Mama Leticia, wa Magomeni. Huenda umenisahau, mimi sijakusahau. Novemba ya 2021 uliniuzia friza pale Majilisi Electronics. Mtu mmoja wa dukani, ambaye sitamtaja kwa kuwa bado anaihitaji kazi yake, ameniambia uko Masasi, unauza vocha na chaja karibu na stendi. Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho.

Ngoja nikukumbushe. Siku ile nilikuwa nimeshapita maduka manne. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia, "Mama, kaa kwanza." Ukanivutia kiti, ukaniletea chupa ya maji baridi. Ukaniuliza kwetu ni wapi, nikasema Ndanda, ukashangilia kabisa: wewe wa Masasi, basi mimi mama yako. Hela niliyokuja nayo ilikuwa ya friza, na iliyobaki ilikuwa ya kuezekea kibanda cha kusafishia samaki. Ukanishika mkono, ukasema, "Mama, ukiwa na hii kadi unalala usingizi wako." Kibanda hakijaezekwa hadi leo.

Bosi wako ameniandikia kwamba maneno yale uliyatunga mwenyewe, na kwamba alikufukuza kwa ajili hiyo. Nataka unijibu kwa maandishi. Uliyatunga, au ulitumwa?

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na matusi.

Evarista Mchopa


Masasi
2 Aprili, 2024

Shikamoo mama.

Barua yako imenifikia. Pole sana kwa friza. Mimi pale dukani nilihudumia watu wengi mno, siwezi kumkumbuka kila mmoja. Ni kweli nilikuwa mchangamfu kwa wateja, lakini huo ni ustaarabu, si kumnunua mtu. Hata yale maji hukuyanywa, ulisema jino linakuuma. Kwa hiyo huwezi kusema nilikupumbaza kwa maji.

Nina mtoto wa miezi saba na kibanda cha kukodi. Naomba sana usinitafute tena, na huyo aliyekupa habari zangu mwambie aniache.

Violeth


Magomeni Mapipa
8 Aprili, 2024

Marahaba Violeth.

Hongera kwa mtoto.

Mimi nilikuandikia kwamba uliniletea maji. Sikuandika kwamba sikuyanywa, wala sikutaja jino. Nilikuwa nimelisahau hata mimi. Siku iliyofuata nilienda kuling'oa.

Unanikumbuka, mwanangu.

Sitakufokea. Nakuwekea humu nakala ya barua ya Ridhiwani uisome mwenyewe, hasa pale anapokutaja. Nyuma ya kadi nimepatazama kama alivyoniagiza. Maandishi yake madogo mpaka nimemwomba Leticia ayapige picha na kuyakuza kwenye simu. Ni kweli kompresa haimo. Gesi haimo. Umeme haumo. Nimekaa nikijiuliza friza linabaki na nini ukishaviondoa hivyo vitatu. Linabaki sanduku.

Nina miaka sitini na moja, na sijawahi kumuuzia mtu uongo. Nataka kuelewa ni kitu gani kinamfanya binti aliyelelewa vizuri auuze. Ukitaka kuniambia, niambie. Ukikataa, nitaendelea bila wewe, kwa sababu kuendelea nitaendelea.

Evarista Mchopa


Masasi
20 Aprili, 2024

Shikamoo mama.

Ile nakala nimeisoma nikiwa nimesimama kibandani. Anasema alinifukuza! Mama, mimi niliacha kazi.

Sasa sikiliza. Kila asubuhi, kabla hatujafungua mlango, bosi alikuwa anatupanga mstari, wauzaji sita. Anauliza, "Mteja akisema, kikiharibika je?" Sisi kwa pamoja, "Unaleta, unapewa jipya siku hiyohiyo!" Anauliza, "Akisema, imeandikwa wapi?" Sisi, "Mama, ukiona muhuri, umemaliza!" Anacheka, anapiga makofi, tunafungua. Watoto wa chekechea kabisa. Asiyeuza waranti tatu kwa siku hapati hela ya chakula cha mchana.

Kampuni ya bima hakuna. Haikuwahi kuwepo. Kadi zinachapwa mtaa wa pili pale, na muhuri unakaa kwenye droo ya kaunta pamoja na betri za rimoti. Nilikuwa nagonga mimi. Kadi yako niliigonga mimi na saini ni yangu.

Wewe nilikukumbuka tangu mstari wa kwanza wa barua yako. Wateja wengine wakisikia bei ya waranti wananuna. Wewe ulinishukuru.

Unauliza kitu gani kinamfanya mtu auuze uongo. Mwanzoni hata sikujua ni uongo. Nilidhani jipya kweli wanapewa. Nilipoanza kuona watu wanarudi, tayari nilikuwa nimezoea kusema. Kulikuwa na mzee mmoja wa Temeke, televisheni yake ilizima ndani ya mwaka. Alirudi mara sita, na kila akija bosi ananisukuma mimi nikaongee naye. Mara ya sita akaniambia, "Asante mwanangu, angalau wewe unanisikiliza." Nikaingia stoo nikalia. Mwisho wa mwezi nikaaga.

Bosi alikuwa anatuma maagizo kwa sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Sauti hizo ninazo kwenye simu. Sijui kwa nini sikuzifuta.

Lakini mama, usiniombe nizitoe. Mwaka 2022 mama yangu alifia Muhimbili, nami sikuwa na kitu. Ridhiwani alikodi gari la kumleta hadi huku Masasi, akaja mwenyewe kwenye maziko, akasimama juani na Wakristo mpaka mwisho. Mtu aliyemzika mama yangu nitamfanyaje?

Violeth


Magomeni Mapipa
27 Aprili, 2024

Marahaba mwanangu, na pole kwa mama. Hilo sikulijua.

Mvua huku hazijakatika wiki nzima, Jangwani pamejaa maji, na mimi nimekaa ndani na barua yako. Nilikuandikia kwamba sijawahi kumuuzia mtu uongo. Kumbe nimeuza.

Siku friza lilipoletwa nyumbani, nilifurahi sana. Jumapili nikawaambia wenzangu. Nina jirani anaitwa Klara, tumepakana ukuta miaka kumi na minane, anauza barafu na juisi. Nilimwonyesha kadi. Nikamwambia, "Klara, kikiharibika chochote, hata taa, wanakupa jipya siku hiyohiyo." Maneno yako, Violeth, neno kwa neno. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema, "Muhuri huu hapa." Akaenda akanunua. Akaenda Severa wa jumuiya yetu. Akaenda Nasreen wa nyumba ya kona. Wote watatu wakachukua na waranti, kwa mdomo wangu, na mimi hakuna aliyenipa hela ya chakula cha mchana.

Mwaka jana katikati Klara aliacha kununua samaki kwangu. Salamu zikawa za mbali. Nilidhani ni wivu wa biashara, nami nikanuna kwa upande wangu. Juzi, baada ya barua yako, nikamuuliza Nasreen mafriza yao yanaendeleaje. Akanitazama. "Mama Leticia, ina maana hujui? La Klara lilikufa mwaka jana mwezi wa tano. Alienda Kariakoo mpaka akachoka. La Severa nalo hivyohivyo. Langu linapumua tu, haligandishi."

Mwaka mzima, Violeth. Klara hakuniambia neno hata moja, na mimi nilikuwa namwita mwenye wivu.

Kwa hiyo sasa ninalo jibu la lile swali langu. Mtu anauza uongo akiwa anaamini, halafu aibu inamzuia kurudi nyuma. Ndivyo ilivyokuwa kwako, na ndivyo ilivyo kwangu.

Ridhiwani alimsindikiza mama yako. Hilo ni lake na Mungu atamlipa. Lakini yule mzee wa Temeke hakuna aliyemsindikiza, na Klara vilevile. Sikuombi umchukie. Nakuomba useme kilichotokea. Nitapeleka malalamiko kwenye ofisi ya serikali inayosikiliza walaji, sisi wanne kwa pamoja, na nitapeleka hata bila ushahidi wako. Ila bila wewe, atasema tena ulijitungia, na hilo litabaki kwenye faili na jina lako.

Fikiri. Sina haraka ya leo.

Evarista Mchopa


Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.
29 Aprili, 2024

Bw. Ridhiwani,
Majilisi Electronics.

YAH: MAFRIZA MANNE

Rejea barua yako ya tarehe 15 Machi.

Asilimia kumi yako nimeikataa. Naomba unijibu maswali mawili. Kampuni ya bima unayoitaja inaitwaje, na leseni yake ni namba ngapi? Nina kadi tatu mkononi, yangu, ya Klara na ya Nasreen, na mwenzetu wa nne ni Severa. Nimezikagua zote mbele na nyuma. Jina la kampuni halipo hata kwenye moja.

Usipojibu hadi tarehe 13 Mei, tarehe 14 tutapeleka malalamiko serikalini, sote wanne.

Evarista Mchopa


Majilisi Electronics,
Kariakoo.
10 Mei, 2024

Mama yangu Leticia,

Tusifikishane huko. Serikalini kutampotezea kila mtu muda, na wewe ni mtu mzima, unahitaji kazi yako irudi.

Nina friza jipya stoo, kubwa kuliko la kwanza. Kesho hiyohiyo nalileta Magomeni kwa gari langu, bure, na waranti ya mwaka mmoja ya kiwandani, ya kweli kabisa. Nakuomba kitu kimoja tu, usaini karatasi niliyoambatanisha kwamba hunidai na kwamba hutashiriki malalamiko ya watu wengine. Hao wenzako watakuja wenyewe kama wana shida, kila mtu na risiti yake.

Mimi si mtu mbaya, mama. Kariakoo ushindani ni mkali. Duka la jirani wanaahidi miaka saba.

Ridhiwani


Magomeni Mapipa
11 Mei, 2024

Bw. Ridhiwani,

Nimekaa na karatasi yako tangu asubuhi. Sitakuficha, kalamu niliishika. Miezi mitatu nanunua samaki kidogokidogo, nawaweka kwenye ndoo ya barafu, na wanaobaki nakula au nagawa. Jana nimegawa samaki watano aina ya changu.

Karatasi nairudisha bila saini.

Wale watatu walinunua kwa sababu yangu. Nikipokea friza lako peke yangu, nitakuwa nimewauza mara ya pili, na safari hii nikijua. Lete manne, au tukutane mbele ya afisa.

Kuhusu jina la kampuni, naona hukujibu.

Evarista Mchopa


Masasi
19 Mei, 2024

Shikamoo mama.

Ridhiwani alinipigia simu juzi. Nilikuwa sijaisikia sauti yake mwaka mzima. Akaniuliza hali ya mtoto, akaniombea. Halafu akasema, "Violeth, kuna mama mmoja ananisumbua. Akikutafuta, mwambie ulikuwa mgeni kazini ukachanganya maneno. Basi, yataisha." Kisha akauliza, "Unakumbuka safari ya Masasi?"

Mama, mpaka pale nilikuwa sijaamua. Nilikuwa nazunguka na barua yako kwenye mkoba. Angeniomba bila kuitaja safari ile, labda ningekubali. Nikamwambia, "Bosi, ile safari nakushukuru, na nitakushukuru mpaka nazeeka. Lakini nikisema nilichanganya maneno, nitakuwa nadanganya tena kwa niaba yako, na kazi hiyo niliacha." Akakata.

Jana nilienda kwa wakili hapa mjini, nikaapa. Nimeeleza yote, mstari wa asubuhi, muhuri, droo. Nimeandika pia kwamba kadi arobaini na moja zina saini yangu. Wakili aliniuliza kama nina hakika nataka hilo liandikwe. Nikamwambia aandike.

Kiapo kimo humu kwenye bahasha. Na simu yangu nimeiweka kwenye boksi, nimempa kondakta. Sauti zimo kwenye kundi linaloitwa "Wapiganaji Majilisi". Namba ya siri nimekuandikia nyuma ya barua hii. Niliogopa kuzihamisha nisije nikazipoteza, kwa hiyo natuma simu yenyewe. Vocha nauza kwa simu ya jirani kwanza.

Kuja Dar siwezi, mtoto ana homa ya meno. Lakini mama, soma jina langu kwa sauti pale ofisini, wasije wakasema kiapo kimeandikwa na mtu wa kubuni.

Mwanao,
Violeth


Magomeni Mapipa
24 Juni, 2024

Mpendwa mwanangu Violeth,

Simu yako inarudi kwa basi hilihili, nzima, na nimeiwekea kava mpya. Sasa nikueleze yaliyotokea, maana umekaa gizani mwezi mzima.

Tuliitwa Alhamisi iliyopita. Sisi tulikuwa watatu, mimi, Nasreen na Severa. Klara alisaini malalamiko kwa kunipitishia karatasi dirishani, lakini siku ya kwenda akasema ana wateja. Ridhiwani alikuja peke yake, kavaa kanzu safi, akatuamkia wote vizuri. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, hana maneno mengi. Akamwachia aeleze kwanza. Akaeleza kampuni ya bima, akaeleza binti aliyejitungia maneno.

Ndipo nikasimama nikasoma kiapo chako. Jina lako nimelisoma kwa sauti, la kwako na la baba yako. Nilipofika kwenye zile kadi arobaini na moja, Severa akaguna. Nikaendelea. Halafu nikaiweka simu mezani, nikabonyeza.

Ikasikika: "Wapiganaji, leo Jumamosi, sitaki kusikia mteja katoka bila kadi ya kijani. Akiuliza sana, mwambie jipya, mwambie jipya tu, nani atarudi baada ya miaka mitatu?" Na kile kicheko.

Afisa akamuuliza, "Huyo ni nani?"

Nilidhani atakana. Akaitazama simu, akasema, "Ni mimi."

"Na hiyo kampuni?"

"Hakuna kampuni."

Ameamriwa kutupa mimi, Klara na Nasreen mafriza mapya ndani ya siku thelathini, kuturudishia hela ya waranti, na kubandika mlangoni na kaunta tangazo kwamba waranti ni ya mwaka mmoja ya kiwandani, basi. Mafriza yameletwa Jumamosi. Kuhusu wewe, afisa amesema u shahidi, na wale wenye saini yako wakitokea, kiapo chako ndicho kitakachowasaidia. Severa hakupata kitu. Risiti na kadi alitupa kwa hasira mwaka jana, na bila karatasi afisa amekwama. Nimeshaandika barua ya rufaa yake, Nasreen na mimi ni mashahidi, na nitaandika nyingine mpaka wachoke kunisoma.

Tulipotoka, Ridhiwani alinifuata ngazini. Akasema, "Mama, ukimwandikia Violeth, mwambie sikumlipia gari mama yake ili aje kunyamaza. Nililipa kwa sababu alikuwa mfanyakazi wangu. Siku ile ya simu ndiyo nilikosea." Nimekuandikia kama alivyosema. Mimi naona hapo hakudanganya, ila utapima mwenyewe.

Bado moja.

Jumamosi ileile, friza la Klara liliposhushwa, nilisimama mlangoni kwangu nikisubiri aje. Sijui nilisubiri nini, labda anishukuru. Hakuja. Aliwapa wabebaji hela ya maji, akafunga mlango. Nikakasirika, nikaingia ndani, nikaanza kupanga samaki. Nikapanga vibua wawili, nikaacha. Nikaosha mikono, nikaenda kwake.

Alikuwa anafuta friza kwa kitambaa. Nikamwambia, "Klara, limefika salama?"

"Limefika."

"Na hela ya waranti wamekupa?"

"Wamenipa."

Violeth, kwa miaka thelathini na moja nimechapa "samahani kwa usumbufu uliojitokeza" kwenye barua za watu wengine, sijui mara ngapi. Pale mlangoni neno lenyewe lilikataa kutoka. Nikasema, "Klara, uliniuliza kama nina hakika. Sikuwa na hakika. Nilikuwa na furaha tu, nikakuambia ndiyo. Halafu mwaka mzima nimekunenea vibaya moyoni. Nisamehe."

Akaendelea kufuta. Nikadhani hakunisikia, nikageuka niondoke.

Akasema, "Kaa basi, mbona unasimama kama mgeni." Akavuta kigoda. "Friza lilikuwa deni la Ridhiwani. Mimi kwako nilikuwa nasubiri hilo neno."

Tumekaa mpaka magharibi. Jana alikuja na sahani yake, akachagua changu wawili, akalalamika bei kama zamani.

Msalimie mtoto. Jino likishatoka, njoo naye Dar.

Mama yako,
Evarista Mchopa